Hapa Ndani Hatupigi Magoti

Mwalimu hakuwa mtu wa kula haraka. Alikaa kwenye benchi la nje ya kibanda changu, karibu na stendi ya Bariadi, akavua koti, akalikunja ndani nje na kuliweka mapajani, ndipo akanawa mikono. Samaki akiwa na kichwa, alianza na kichwa. Ukimsemesha aliinua kidole kimoja, na kidole hicho hakikushuka mpaka amemaliza mfupa uliokuwa mdomoni. Madereva walimjua. Walimchokoza makusudi ili wakione kidole.

Nimempikia kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya ninayoyajua juu yake niliyapata pale benchini, kati ya kunawa na kunawa.

Kulikuwa na dereva mmoja wa lori la pamba aliyewahi kuchapwa naye shule ya msingi. Kila akipita alimsalimia kwa kunyoosha kiganja.

"Mwalimu, leo fimbo iko wapi?"

Kidole kikainuka. Sisi sote tukasubiri. Mfupa ukatoka.

"Niliiuza. Nikanunua kipanya cha kompyuta."

"Na sisi uliotuchapa, tutalipwa na nani?"

"Wewe ulichapwa ukawa dereva. Wasiochapwa wako wapi? Hebu kula."

Watu walicheka, naye alicheka kidogo, lakini dereva alipoondoka alinong'ona kwamba yule kijana alikuwa na akili kuliko alivyomchukulia, na kwamba alimchapa kwa sababu ya kutamka neno kama anavyotamka mama yake. Alimwaga maji ya kunawa taratibu, mbali na benchi, asimchafue mtu.

Alipostaafu, wenzake walinunua ng'ombe, na wengine mashine za kusaga. Ulikuwa ule wakati kila kitu kilipofunguliwa. Pamba ilinunuliwa na yeyote mwenye mizani, ushirika ulikuwa umelala, na kiwanda alichofanyia kazi baba yetu kabla hajafa kilikuwa kimegeuka ghala la mtu. Minara ya simu ilisimama hata penye mashamba ya choroko. Bado hatukuwa tukiitwa mkoa wa Simiyu. Mwalimu alichukua mafao yake, akanunua kompyuta mbili zilizokwisha kutumika na jenereta dogo, akaomba kuungwa kwenye dishi la mtandao la mnunuzi wa pamba aliyekuwa jirani yake. Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya mahindi. Harufu ya dawa ya wadudu haikutoka mpaka mwisho.

Mke wake aliliona jambo hilo kwa namna yake. Alikuwa mtu wa maneno, na alipenda kuja kwangu kununua mkaa ili apate pa kuyasemea.

"Mwalimu kaoa wawili kwa mpigo," alisema. "Wadogo zangu hawapiki, hawalimi, na vumbi likivuma wanafunikwa kanga zangu. Nami likinivumia, nivae nini?"

Lakini yeye ndiye aliyekuwa akizifua kanga hizo kila Jumamosi na kuzirudisha zikiwa zimepigwa pasi.

Mwalimu alifundisha Kiingereza humo ndani. Si kama alivyokifundisha ubaoni. Alikuwa amepata kurasa kwenye mtandao ambazo mashine hutamka neno, nawe unalirudia kwenye kipaza sauti, halafu mstari unatokea: wa kijani ukipatia, mwekundu ukikosea. Kulikuwa na nyingine za kupanga maneno yaliyovurugwa, na nyingine za picha, mashine inataja kitu nawe unakigusa kwa kipanya. Mtandao wenyewe ulikuwa wa kusubiri. Msimu wa kununua pamba, makarani wa jirani walipoanza kutuma hesabu zao, ukurasa mmoja ungefunguka kwa muda wa kuchemsha maharage. Mwalimu hakuupoteza muda huo. Kila mtoto alitakiwa aseme anachodhani kitatokea. "Yenyewe inapakia," aliwaambia, "na ninyi pakieni vichwa."

Mashine ile haikutuzoea sisi. Mtoto wa Kisukuma akisema vizuri kabisa kwa masikio yetu, mstari mwekundu. Arudie, mwekundu. Nimemsikia Mwalimu kwa masikio yangu, nikiwa nimempelekea chakula siku aliyoshindwa kuja, akiifokea kompyuta kwa Kisukuma, kama mtu anayefokea fahali aliyeingia shambani. Kisha akamgeukia mtoto kwa sauti nyingine kabisa. "Usiogope. Huyu bado hajalizoesha sikio lake. Mwambie tena, polepole."

Haya aliyasema mtu aliyewahi kuwavisha watoto kibao shingoni kwa kosa la kusema Kisukuma uwanjani. Nilimuuliza siku moja, maana tulikuwa tumeshazoeana, ni lipi kati ya hayo mawili analoliamini. Aliinua kidole ingawa hakuwa na mfupa mdomoni. Alikiacha hewani kwa muda, kisha akakishusha akaomba maji ya kunawa.

Kitu alichokipenda zaidi katika mashine zile ni kwamba hazicheki. Alikirudia mno. Darasani mtoto akikosea neno, darasa zima linaangua kicheko, na mtoto huyo hasemi tena mpaka mwisho wa mwaka. "Mashine haina meno," alisema. "Ukikosea inakwambia umekosea, basi. Haiendi kukutangaza kisimani."

Ndiyo sababu nilimpelekea Limi.

Limi ni mdogo wetu wa mwisho. Mama alipofariki, miaka michache baada ya baba, mimi niliacha shule darasa la sita nikashika chungu, na wadogo zangu wakaendelea kusoma. Wa katikati waliondoka mmoja mmoja, kila mtu na njia yake. Limi alibaki nami. Alikuwa na akili ya darasani, walimu wote walisema hivyo, ila alikuwa haongei. Nyumbani alisema maneno ya lazima: maji, chumvi, naenda, nimerudi. Shuleni alisema machache zaidi. Alijibu mitihani kwa kalamu akafaulu, lakini akiulizwa kwa mdomo alitazama chini mpaka anayeuliza anachoka. Wengine walisema ni kiburi. Mimi nilikuwa nalala naye kitanda kimoja. Nilijua si kiburi. Nilitaka jambo moja tu kwake, kwamba siku moja akae mbele ya watu asiowajua na aseme, wamsikie, wampe nafasi. Nilikuwa tayari kupika hadi niwe mkongwe kwa ajili ya hilo.

Mwalimu alimpokea bila maswali. Alikuwa na sheria yake: hakuna anayegusa mashine kabla ya kumsalimia mkubwa aliyemo ndani, na kwa adabu yote, wasichana wakipiga magoti, wavulana wakiinama. "Kiingereza bila heshima ni kelele," alisema. Wazazi walimpendea hilo. Waliona kwamba pamoja na mambo yale ya kizungu, watoto wao hawaharibiki.

Limi alipiga magoti, akamsalimia kwa sauti isiyosikika, akakaa, akavaa vipokea sauti. Mwalimu akatoka nje, akafunga mlango. Alikaa na mimi barazani, tukiongea habari za mvua. Baada ya kitambo tukasikia neno moja kutoka ndani. Kisha lile lile tena. Kisha tena, kwa sauti ya juu zaidi, kama mtu anayegombana na mtu asiyeonekana.

Mwalimu aliniambia, "Usiingie."

Sikuingia. Nilikaa pale nikasikia mdogo wangu anasema.

Alikwenda kila siku baada ya shule. Alipomaliza kidato cha nne alikuwa akiongea na mashine kama watu wanavyoongea na ndugu. Mwalimu alimtafutia pia bibi mmoja mstaafu wa nchi ya mbali, ambaye alikuwa akiandikiana na wanafunzi. Limi anaandika, bibi anajibu, kosa linasahihishwa hapo hapo. Wakati mwingine nilimsikia anacheka peke yake mle ndani. Kicheko chake nilikuwa nimeshakisahau.

Mwalimu alitaka na mimi nijifunze. "Mayu, njoo ukae," aliniita, kwa jina hilo letu la kumheshimu mwanamke. Nilikaa mara moja. Zikaja picha za jikoni: sufuria, kisu, moto, mwiko. Mashine ikataja, mimi nikagusa. Nilipatia mengi kwa kubahatisha, naye alifurahi kupita kiasi. "Unaona? Lugha nzima imo jikoni kwako, wewe unaipakulia watu." Lakini nilikuwa nimeacha wali motoni, nikaondoka mbio, na sikurudi. Kila mwaka aliniita, kila mwaka nilikuwa na chungu.

Sasa niseme habari ya ile siku.

Kulikuwa na shirika moja la nje lililosomesha yatima kwenye chuo cha uuguzi. Mvua zilikuwa zimekata barabara, wakaamua kuwahoji watoto wa huku kwa kompyuta, ana kwa ana, sauti na picha. Mwalimu aliazima kamera ndogo kwa mnunuzi wa pamba, akaibana juu ya kioo cha kompyuta. Aliomba makarani wasitumie mtandao asubuhi ile. Kwa wiki kadhaa alimwandaa Limi: ajieleze vipi, ataulizwa nini, akikwama afanye nini. Siku iliyotangulia nilimsikia akimwambia, "Na hao ni wakubwa, ng'wanone. Usiwasalimie kama rafiki zako. Wasalimie kama ungenisalimia mimi." Ng'wanone ni mwanangu, kwa lugha yetu.

Asubuhi ile Mwalimu alikataa kukaa chumbani. Hakutaka wadhani kuna mtu anayemnong'oneza majibu. Alisimama barazani karibu na jenereta, koti limefungwa vifungo vyote. Mimi nilisimama mlangoni, mahali pasipoonekana na kamera.

Kioo kikawaka. Wakatokea watu wawili, mzee mwanamume na mama mwenye nywele nyeupe zote. Limi alimtazama yule mama. Akasimama kutoka kwenye kiti, akavua vipokea sauti kama mtu anavyovua kofia, akapiga magoti sakafuni. Akainamisha uso na kusalimia. Kwa Kiingereza, kwa sauti safi, maneno yote.

Nilijisikia vizuri sana. Nalisema hili kwa sababu ni kweli. Nilimwona mdogo wangu amepiga magoti mbele ya wakubwa na nikasema moyoni, laiti mama angemwona.

Wale wawili waliona kiti kitupu. Waliita. Sauti yao ilitoka kwenye vipokea sauti vilivyokuwa mezani, nyembamba kama ya mbu. Limi aliisikia sauti lakini hakuwa ameitikiwa, na kwetu mtu hainuki kabla mkubwa hajaitikia. Akasalimia tena, huko huko chini, huku kipaza sauti kiko juu ya meza. Akangoja. Wale walitazamana. Yule mama alisogea karibu na kioo, akatazama huku na huku, kama mtu anayechungulia dirishani kwenye nyumba isiyo na watu. Kisha kioo kikawa cheusi.

Limi alibaki magotini. Ni mimi niliyemwita Mwalimu, nikidhani mtandao umekatika.

Aliingia, akatazama kiti, akamtazama Limi chini, akatazama kamera juu ya kioo. Sijawahi kuona uso wa mtu ukielewa jambo hivyo. Alikimbilia mezani, akawapigia, akawapigia tena. Akaandika maelezo. Walijibu mchana kwa upole: waliona hakuna mtu, wameendelea na wengine, nafasi zimekwisha, wanamtakia kila la heri.

"Nimemfundisha yote yaliyomo kwenye kioo," aliniambia jioni ile. Alikuwa hajala. "Sikumfundisha kioo kinaishia wapi."

Limi hakulia. Alirudi kwenye maneno yake ya zamani: maji, chumvi, naenda, nimerudi. Chumba kile hakukikanyaga tena, hata Mwalimu alipokuja mwenyewe nyumbani kwetu na kumbembeleza akiwa amesimama uani, na kofia mkononi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamletea maji ya kunywa, akaingia ndani. Mwaka uliofuata aliolewa na mchuuzi wa samaki wa Lamadi, kando ya ziwa.

Tangu hapo Mwalimu aligeuza sheria yake. Mtoto akiingia na kuanza kuinama, alimshika bega. "Hapa ndani hatupigi magoti. Kaa kwenye kiti. Tazama mbele. Sema." Wazazi walichukia. Wazee wawili walikuja kwangu benchini, wakijua atakuja kula, wakamngoja.

"Mwalimu, tunasikia sasa unafundisha utovu wa adabu."

Kidole juu. Walingoja muda mrefu.

"Ndiyo," alisema.

"Mtoto wa kike anamsalimia baba yake akiwa wima!"

"Akitoka chumbani mwangu atapiga magoti apendavyo. Humo ndani, hapana."

"Kwa nini?"

Alinitazama mimi, siyo wao. Kisha akarudi kwenye samaki wake. Baadhi walitoa watoto wao. Hakuwahi kueleza sababu, ingawa maelezo yangewanyamazisha wote. Nadhani aliona kueleza ni kumtangaza Limi kisimani.

Chumba kilikufa taratibu. Zilikuja simu zenye mtandao, kijana akawa anajifunza Kiingereza akiwa amelala kitandani kwao. Mwalimu hakulalamika. Alipita stendi akiwaangalia vijana wanaosema na simu zao, na wakati mwingine alisimama nyuma ya mmoja, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaendelea. Mke wake alipofariki, zile kanga alizitandaza juu ya mashine zisizowaka, akafunga mlango. Alikuja kula, akaacha nusu. Baadaye mpwa wake alimchukua akamtunze kwake, kijijini Mwamanyili.

Mwamanyili si mbali na Lamadi. Limi angeweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Hakwenda. Nilipokuwa namtembelea Limi nilimwona barabarani na dagaa wake. Magari ya watalii yanayokwenda mbugani yalisimama, wazungu wakauliza hiki na kile, yeye akawajibu kwa vidole. Nilimuuliza kwa nini.

"Biashara inakwenda, dada."

Nilipopata habari kwamba Mwalimu amezidiwa nilipanda gari la asubuhi. Nilipitia kwa Limi. Nilimkuta ameinama juu ya dagaa walioanikwa mchangani.

"Twende tukamwone," nilimwambia.

"Nina dagaa juani."

"Majirani wapo, watawaangalia. Una hasira naye?"

Alinyanyua uso. "Hasira ya nini? Dada, nikifika nitamwambia nini? Kwamba nauza dagaa?"

Nilikwenda peke yangu.

Alikuwa kwenye kitanda cha kamba, amefunikwa blanketi ingawa jua lilikuwa kali. Macho yalikuwa yamefifia lakini alinitambua kwa sauti. Nilimsalimia, akaitikia yote kwa Kisukuma, mhola, mhola duhu, yaani salama tu, akaniuliza habari za kibanda na za dereva wa lori. Nilimwambia dereva yuko, amenenepa. Alitabasamu.

"Limi anaongea?"

Ningeweza kumdanganya. Mgonjwa hudanganywa na wala si dhambi. Lakini huyu alikuwa mwalimu wake.

"Haongei, Mwalimu."

Alifumba macho. Mkono wake ulitoka ndani ya blanketi ukawa unapapasa ukingo wa kitanda, unakwenda na kurudi. Sikuweza kuutazama. Nikatoa simu, nikampigia Limi.

"Dada, umefika?"

"Niko naye hapa. Nakuweka kwenye spika."

"Dada, usi..."

Nilikuwa nimeshaweka. Nikaisogeza karibu na mdomo wake. Mwalimu alivuta pumzi, akasema jambo kwa Kiingereza. Lilikuwa fupi, nami nilijua tu kwamba ni swali, kwa jinsi sauti ilivyopanda mwishoni.

Kwenye simu nilisikia upepo wa ziwani na wanawake wanaobishana bei. Nikajua atakata. Mwalimu alingoja. Alikuwa mtu wa kungoja ukurasa ufunguke.

Limi akajibu.

Alianza na neno moja moja, kama mtu anayekanyaga tope. Mwalimu akasema kitu. Limi akajibu kwa marefu zaidi. Kisha wakaendelea, yeye anauliza, huyu anajibu, huyu anauliza, yeye anajibu, na sauti ya mdogo wangu ikanyooka, ikawa ya mtu aliyekaa kwenye kiti na kutazama mbele. Wale wanawake wa bei walinyamaza. Nadhani walikuwa wamegeuka kumwangalia. Mpwa wa Mwalimu alikuja akasimama mlangoni. Mimi niliishika simu kwa mikono miwili. Yale niliyoyapikia miaka yote yalikuwa yanasemwa mbele yangu, na sikuelewa hata sentensi moja. Nilichokiokota ni neno "dada". Alilisema katikati ya maneno yale ya kigeni, na baadaye akalisema tena. Sijui alisema nini juu yangu. Mwalimu alilia na kutikisa kichwa, akiendelea kuuliza.

Kisha salio likaisha, simu ikakata. Mwalimu alibaki ametega sikio kidogo.

"Wabeja," aliniambia. Asante. Akalala.

Jioni nilirudi kupitia Lamadi. Limi alikuwa anakusanya dagaa kwenye magunia, macho yamevimba. Nilimsaidia. Tulifanya kazi mpaka gunia la mwisho.

"Mlikuwa mnasema nini muda wote ule?" nilimuuliza.

Alifunga mdomo wa gunia, akakaza kamba.

"Tulikuwa tunasalimiana tu, dada."